Kwa nini diwani zetu huchapwa ng'ambo?

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa zama za Mazrui, inakisiwa alifariki kiasi cha mwaka 1840. Diwani yake ilitoka kwa mpiga chapa mwaka 1940. Miaka mia, ndugu msomaji! Wala haikutoka Mombasa, wala Unguja, wala Nairobi. Ilitoka Johannesburg, Afrika ya Kusini, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na aliyeihariri ni Mwingereza, William Hichens. Lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi kuyakusanya mashairi hayo kwa watu waliokuwa wameyahifadhi, akayaandika kwa herufi za Kiarabu kabla ya kufariki kwake mwaka 1890, na lau si mmishonari W. E. Taylor kuyaweka makaratasi hayo na kwenda nayo kwao, leo Muyaka tungemjua kwa beti mbili tatu na jina.

Nimeanza na Muyaka kwa sababu vijana wanaoniletea mashairi yao, wakanilalamikia kuwa wachapishaji hawawataki, hudhani msiba huu umezaliwa pamoja nao. La hasha. Tazama mfululizo wenyewe. Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, mzaliwa wa Mombasa, mashairi yake yalitoka kitabuni Wisconsin, Marekani, mwaka 1966, yakiwa yamefasiriwa kwa Kiingereza na Lyndon Harries. Ilikuwa miaka mitano kabla ya Nairobi kumtolea Malenga wa Mvita. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mtu wa Lamu, bingwa wa lugha aliyetupa neno runinga, alitunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi unaoeleza chombo cha kwao, viungo vyake na safari yake. Utenzi huo ulichapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979. Na Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ambaye sote twamwita Ustadh Mau, imamu na mshairi aliyezaliwa Lamu mwaka 1952, watu wa visiwani wamekuwa wakimsikiliza tangu miaka ya sabini. Kitabu kikubwa cha mashairi yake kilitoka mwaka 2023. Wapi? Leiden vile vile. Baina ya chombo cha Nabhany na kitabu cha Mau imepita miaka 44, na bandari ya kushushia ni ile ile.

Sisemi haya kuwashutumu Waholanzi wala Wamarekani. Waliofanya kazi hiyo wamefanya kazi ya watu wazima, nasi twala matunda yake. Lakini mtu akiona watoto wake wote wazaliwa kwa jirani, ana haki ya kuuliza nyumbani mwake pana nini.

Jawabu linalosikika barazani ni moja: wachapishaji wa Nairobi wana chuki na watu wa Pwani. Mimi jawabu hilo silikubali. Mchapishaji ni mfanyabiashara kama muuza nguo wa Biashara Street. Hafungi duka kwa chuki, na hafungui kwa mapenzi. Kila kitabu kina mnunuzi kinayemngojea. Kitabu cha Leiden mnunuzi wake ni maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, na maktaba hizo hununua hata kama msomaji ni mmoja kwa mwaka. Kitabu cha Nairobi mnunuzi wake ni shule. Sasa diwani ya mashairi ya Kiswahili, iliyotungwa Kibokoni au Langoni, mnunuzi wake ni nani?

MNUNUZI MMOJA TU

Wachapishaji wa Kenya, wakubwa kwa wadogo, wa Serikali na wa watu binafsi, huishi kwa vitabu vya shule. Kitabu kikipita mikononi mwa KICD, taasisi ya mitaala, kikatiwa muhuri, mchapishaji amepona. Kisipopita, amepata hasara. Tangu mwaka 2018 mambo yamebana zaidi, kwa kuwa Serikali yenyewe ndiyo inunuayo vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Mwenye duka la vitabu, aliyekuwa akiuza cha shule na pembeni yake akaweka diwani mbili tatu kwa kupendezesha rafu, ameondolewa kile kilichokuwa kikimlipia kodi. Nao wachapishaji hulalamika hadharani kwamba waidai Serikali mabilioni ya shilingi. Mtu anayengoja deni la namna hiyo hana pumzi ya kujaribu diwani ya kijana asiyejulikana. Juu ya hayo, sheria ya kodi ya VAT ya mwaka 2013 ilikitia kitabu kodi ya asilimia 16, kana kwamba ni soda.

Basi, utaniambia, mashairi nayo si yafundishwa shuleni? Yafundishwa, naam, na hapa ndipo penye fumbo lote. Kwa miaka mingi, katika mtihani wa fasihi wa KCSE, ambao sasa wakaribia kuzikwa pamoja na mfumo wa 8-4-4, vitabu teule vimekuwa riwaya, tamthilia na mkusanyo wa hadithi fupi. Shairi halikuwa na kitabu chake. Mtahiniwa hupewa shairi asilopata kuliona, aulizwe vina na mizani na uhuru wa mshairi, akajibu, akaenda zake. Yaani mwandishi wa riwaya kitabu chake kikiteuliwa hununuliwa na kila shule ya upili nchini kwa miaka kadhaa, na mshairi hana hata mlango wa kubisha. Shairi moja likichukuliwa mtihanini, mtunzi hupata sifa ya kuwasumbua watoto, basi.

Nilipeleka mswada wangu kwa mchapishaji mmoja, nisiyemtaja. Ulikaa miaka mitatu. Nilipoandika kuuliza, nilijibiwa kwa adabu nzuri kuwa kazi ni ya hali ya juu ila "haina soko la shule". Maneno manne. Sikukasirika sana, maana angalau lilikuwa jawabu la kweli. Wengi hawapati hata hilo. Hungoja mpaka mvi, wasijue kama mswada umesomwa au umewekewa kikombe cha chai.

PALIPOKUWA NA MTU NDANI YA NYUMBA

Na bado yako mambo ya kutia moyo, na lazima tuyaseme kwa haki. Mwaka 1971 Oxford University Press ya Nairobi ilitoa Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir. Mwaka huo huo ikatoa Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa wa Abdilatif Abdalla, na mtunzi mwenyewe yuko gerezani. Mwaka 1973 ikatoa Sauti ya Dhiki, mashairi ambayo Abdilatif aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni baina ya 1969 na 1972, baada ya kufungwa kwa sababu ya waraka wake wa 1968, Kenya: Twendapi? Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Fikiri, msomaji: mfungwa wa Serikali, asiye na karatasi wala kalamu ya halali, alipata mchapishaji, na kijana wa leo mwenye kompyuta hapati.

Siri yake ni nini? Siri ni kuwa ndani ya nyumba ile palikuwa na mtu. Marehemu Sheikh Abdilahi Nassir, Mungu amrehemu, alikuwa mhariri wa Kiswahili pale Oxford, na yeye ni mtu wa Mombasa aliyelelewa na mashairi. Nje ya nyumba palikuwa na Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu aliyeihariri Malenga wa Mvita na kuwaeleza wasomaji wa bara maneno ya Kimvita bila ya kuyaondoa. Chiraghdin alifariki mwaka 1976, kabla hajakiona kitabu alichoandika pamoja na Mathias Mnyampala, Historia ya Kiswahili, kilichotoka mwaka 1977. Mnaona wenyewe: hata waliokuwa karibu na mlango kuna vitabu vyao vilivyotoka nyuma ya jeneza. Shaaban Robert alifariki 1962, na Utenzi wa Vita vya Uhuru ukatoka 1967.

Zamani pia palikuwa na watu waliokwenda kuwatafuta waandishi walipo. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilifanya mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili mwaka 1957 na 1958. Aliyeshinda ni Mohamed Said Abdulla wa Unguja, na ndivyo tulivyompata Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Siku hizi kazi hiyo ya kutafuta imefanywa na tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Katika mashindano yake ya kwanza, mwaka 2015, tuzo ya mashairi ilimwendea Mohammed Khelef Ghassani, mwana wa Pemba aliyekuwa Ujerumani, kwa diwani yake N'na Kwetu. Mashindano yana faida yake. Lakini washindi ni wachache, na wenye madaftari ni wengi.

MATO NA MACHO

Liko jambo ambalo watu wa bara hawalioni kuwa ni kizuizi, nalo kwa mshairi wa Pwani ni mwiba. Ni lugha yenyewe. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930. Mashairi makuu ya Kiswahili yalikuwa yametungwa kwa Kiamu na Kimvita miaka mingi kabla ya hapo. Mhariri wa leo, aliyesomea sanifu na kuipasi vizuri, akikuta "mato" hudhani ni kosa la chapa, huandika "macho". Akikuta "ndoo" akiwa na maana ya kuitwa mtu, huandika "njoo", na akikuta "nti" huandika "nchi". Kwa barua ya ofisini si neno. Kwa shairi ni kuvunja nyumba.

Nitatunga mshororo hapa hapa kwa mfano: "Mtu akikosa pato, hulia kwa yake mato". Hesabu: mizani nane ukwapi, mizani nane utao, na kina ni "to" pande zote mbili. Sasa mtilie mkono mhariri: "Mtu akikosa pato, hulia kwa yake macho". Mizani imebaki nane, maana imebaki ile ile, na shairi limekufa. Mtunzi akilalamika huambiwa kuwa ni mkaidi wa lahaja. Katika ule mswada wangu nilioutaja, nilihesabu mahali kumi na saba palipotengenezwa namna hii kwa kalamu nyekundu, na kila palipotengenezwa kina kilikuwa kimetoka nje ya mstari. Aliyefanya hivyo hakuwa adui. Hakuwa amefundishwa tu kuwa pana kitu pale.

(Mgogoro wa vina na mashairi huru, uliofuka tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, sitauingia leo. Nilikuwa mdogo ulipoanza, na kwa jinsi ninavyouona utaendelea nami nikiwa chini ya mchanga.)

Wako pia wazee wetu waliosoma chuoni, wasiokanyaga skuli, ambao huandika kwa herufi za Kiarabu mpaka leo. Mchapishaji ataka mswada uliopigwa kwa kompyuta na kutumwa kwa barua pepe. Mzee ana daftari la kurasa mia mbili, khati nzuri ya kupendeza macho, na hapana mjukuu awezaye kuisoma sawasawa, maana herufi za Kiarabu zilizoandikwa Kiswahili zataka mtu aijue lugha kwanza ndipo alijue neno. "Be" moja yaweza kuwa b, yaweza kuwa p, yaweza kuwa mb. Kuligeuza daftari kama hilo kuwa mswada ni kazi ya miezi, na wa kuilipa hajapatikana.

SISI WENYEWE

Sasa nirudi kwenye swali la mnunuzi, maana nimelizunguka kama paka na bakuli la uji wa moto. Watu wa Pwani wapenda mashairi. Hilo halina shaka wala halihitaji shahidi. Hapana harusi isiyokuwa na shairi, hapana uchaguzi usiokuwa na shairi, na mtu akifiwa na mwalimu wake humtungia. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliyaimba mashairi ya Ahmad Nassir, na watu ambao hawajapata kuishika Malenga wa Mvita mikononi huyajua kwa moyo, ukwapi na utao. Kaseti zilisafiri kutoka Lamu hadi Mombasa hadi Uarabuni ndani ya mabegi ya mahujaji na mabaharia. Leo kazi ya kaseti imeshikwa na simu. Shairi hutungwa baada ya Isha, likitiwa sauti hufika Muscat kabla ya Alfajiri.

Lakini tumezoea kulipata bure. Twalisikia, twalisifu, twamwambia mtunzi "Allah akubariki", twalituma kwa wengine, na jina lake lapotea kwenye mkono wa tatu. Shairi kwetu ni kama maji ya birika la msikiti: kila mtu achota, na mwenye kuulizia bei huonekana hana adabu. Nakubali kuwa ni desturi nzuri. Ndiyo iliyomhifadhi Muyaka kwa miaka yote ile kabla ya karatasi. Ila desturi hiyo haimlipi mpiga chapa. Mchapishaji wa Nairobi akiuliza, "Hawa watu wenu wanaopenda mashairi, mwaka jana wamenunua diwani ngapi?" mimi sina la kumjibu ila kumwangalia.

Alinijia kijana mmoja mwezi wa Shaabani, ana beti nzuri, za kuhesabika na zenye maana. Akaniambia:

"Ami, mashairi yangu yana kosa gani?"

"Hayana kosa, mwanangu."

"Mbona basi hawayataki?"

Nikamwuliza yeye mwenyewe amenunua vitabu vingapi vya mashairi tangu azaliwe. Akafikiri. Akasema kimoja, tena alikinunua kwa sababu mwalimu alimlazimisha. Nikamwuliza Sauti ya Dhiki ameisoma wapi. Akasema ametumiwa picha za kurasa kwa simu. Hatukuzungumza zaidi, tukanywa kahawa.

YA KUFANYA NA YALIYOKWISHA KUFANYWA

Yako yaliyo mikononi mwa mtunzi mwenyewe. La kwanza ni kuandika. Wengi huficha mashairi yao kwa kuogopa wizi, wakayaweka kichwani wakidhani huko ndiko kwenye amana. Sheria ya Kenya ya hakimiliki, ya mwaka 2001, yasema kinyume. Kazi ya fasihi hulindwa pale inapowekwa kwenye kitu cha kushikika, iwe karatasi au rekodi, na ulinzi huo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, warithi wakafaidika. Shairi lililo kichwani tu halina ushahidi. Aliloimba mwingine kwanza kwenye harusi ndilo litakaloonekana kuwa lake. Basi andika, tia tarehe, mpe nakala mtu unayemwamini.

La pili ni kuusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Mchapishaji hutoa mrabaha, kwa kawaida asilimia 10 ya mauzo, pengine hufika 15. Si nyingi, lakini tofauti kubwa haimo humo. Imo katika kujua kama unampa ruhusa ya kuchapa au unamwuzia shairi moja kwa moja. Mwenye kuuza ameuza. Kitabu kikiisha dukani na mchapishaji asikichape tena, aliyeuza hana la kusema, naye hawezi kukipeleka kwa mwingine.

La tatu, gazeti. Sihitaji kulipigia debe, lakini tangu Mambo Leo lilipoanza Tanganyika mwaka 1923, ukurasa wa mashairi ndio uliokuwa chuo cha watunzi wengi wa Kiswahili. Taifa Leo limewafanyia hivyo Wakenya tangu mwaka 1960. Shairi la gazetini husomwa na mtu asiyekujua wala asiyekuonea haya, hukujibu, hukukosoa mizani mbele ya umma. Mtunzi aliyepitia moto huo humfikia mchapishaji akiwa na jina na akiwa amekwisha kujifunza kufuta. Naona vijana wengi wamekimbilia simu moja kwa moja, ambako kila mtu husema "mashaallah" na hapana asemaye "beti ya tatu yachechemea".

Lakini yote hayo hayamzai mnunuzi. Mnunuzi lazima tumzae sisi, na namna ya kumzaa twaijua tangu zamani, ni kuwa tumeiacha. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui hakungoja mtu wa Nairobi. Mwaka 1930 alianzisha jarida lake dogo, Sahifa, hapa hapa Mombasa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Hayakudumu muda mrefu, ni kweli. Lakini makala zake zilikusanywa kitabuni kwa jina la Uwongozi, na mpaka leo yasomwa majumbani. Aliyemwezesha ni watu wa mji wake.

Na wakfu je? Msikiti wa Riyadha wa Lamu una hazina ya vitabu na miswada, na vingi vyake vimeandikwa ndani kuwa fulani bin fulani amekiweka wakfu kwa ajili ya wanafunzi. Watu wale walikuwa wakivipata vitabu kutoka Misri na Bombay kwa gharama ya jahazi. Walikuwa maskini kuliko sisi. Waliona kununua kitabu na kukiweka msikitini ni katika sadaka isiyokatika. Sioni kwa nini diwani ya mawaidha ya mtunzi wa mji, au utenzi wa kuwaonya vijana na unga, usiingie katika mlango huo huo.

Nipige hesabu, na hii ni mfano tu, bei za wapiga chapa hutofautiana. Tuseme kuchapa diwani ya kurasa 120 kwagharimu shilingi 300 kila nakala, na mtunzi ataka nakala 500. Ni shilingi 150,000. Kwa mtunzi mmoja ni mlima, na wengi waliojaribu kuupanda peke yao wana maboksi ya vitabu chini ya vitanda mpaka leo, kwa kuwa walichapa kwanza kisha ndipo wakatafuta wa kuwauzia. Geuza kazi. Watafute watu 300, kila mmoja atoe shilingi 500 kabla ya kitabu kuchapwa, na jina lake liandikwe kwenye daftari. Hizo ni 150,000. Kitabu kikitoka, 300 wamechukua zao, na 200 zilizobaki ni za mtunzi, auze, agawe, aziweke wakfu. Nambari ya ISBN hutolewa na Shirika la Maktaba la Taifa, na mpiga chapa yeyote mjini ana mashine. Watu 300 hawajai hata ukumbi mmoja wa harusi, na kadi ya mchango wa harusi, nyote mwajua, haiji na shilingi 500.

Pana atakayesema kuwa vitabu vya namna hiyo havitakuwa na mhariri, na vitatoka vimejaa makosa. Kweli kabisa. Ndiyo maana kabla ya watu 300 watafutwe watatu: mmoja ajuaye lahaja, mmoja ajuaye bahari za mashairi, na mmoja mkali. Walimu wastaafu wa Kiswahili tunao, wamekaa mabarazani wakicheza bao na kulaumu lugha ya redio. Waombwe. Wengi hawajaombwa.

Jambo moja halingoji mchango wala mhariri. Mji wa Kale, Lamu, Siyu, Faza, Vanga, majumba mengi yana daftari la babu au la nyanya, maana wanawake wa Pwani wametunga sana wasitaje majina, na utenzi wa Mwana Kupona aliomtungia bintiye nao ulipigwa chapa kwanza na wageni. Mwenye daftari kama hilo asilipeleke popote kwanza. Alitoe sandukuni siku ya jua, alipige picha kwa simu kurasa zote, hata zile zenye hesabu za duka, mbele na nyuma. Amwulize mkubwa wa nyumba jina kamili la mtunzi na mwaka aliotunga, ayaandike kwa karatasi nyingine, asiandike juu ya daftari lenyewe. Picha azipeleke kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Na afanye hivyo kabla ya masika, kwa kuwa unyevu huharibu karatasi na wino.